Diski Iliyoganda Kwenye Shela

Laetitia alirudi Kalembe kutoka Goma na kamera, kompyuta ya kubeba iliyopasuka pembeni, na panneau, ile paneli ya umeme wa jua, aliyopewa na mjomba wake Albert siku alipofunga studio yake ya picha. Mama yake, Mama Naomie, alivitazama vitu vile vikishushwa kwenye pikipiki, akauliza jembe liko wapi. Alikuwa amemtuma binti yake kusoma, si kurudi na vyombo vya kupigia watu picha. Lakini msimu wa ndoa ulipofika, na watu wakaanza kupanda mlima kumtafuta Laetitia, Mama Naomie aliacha maneno yake, akawa anawatolea viti.

Kwa miaka kadhaa, kuanzia Kalembe kushuka hadi Buleusa, ilikuwa vigumu kuona arusi, ubatizo au matanga ya mtu mkubwa pasipo Laetitia na kamera yake. Alijua kusimama bila kuwaziba watu. Alijua kwamba mama wa bibi-arusi hulia kabla ya bibi-arusi mwenyewe, naye humngoja. Kisha alirudi nyumbani, akapanga picha, akatia nyimbo za kwaya, akachoma diski na kuandika majina ya maarusi juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha, video ndefu haipiti. Diski hupita. Huviringishwa ndani ya kitenge, ikatiwa katikati ya mzigo wa maharagwe, ikafika salama kwa ndugu walio Goma au Kampala.

Alikuwa na mchumba, Patient, mtoto wa Mama Mukashema wa karibu na kanisa. Walikuwa wamesoma pamoja sekondari, sehemu ya hesabu, na Patient ndiye aliyemshikia taa katika arusi zake za kwanza. Jioni nyingine alikaa naye mbele ya kompyuta akiuliza kwa nini hiki, kwa nini kile, naye alikuwa mwepesi wa kuelewa. Wazee wa kwao walikuwa wamekwisha kuja kujitambulisha kwa Mama Naomie, wakanywa, wakacheka. Halafu Mama Mukashema akageuka. Alisema msichana anayezunguka katika kila sherehe na kila kilio, akitazama watu kwa jicho la kioo, si mke wa kuleta nyumbani. Patient alipanda mlima kuja kuyasema hayo yeye mwenyewe, na hilo angalau Laetitia alimhesabia.

"Mama amekatala," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi niko mutoto wake."

Laetitia alingoja kama kuna neno lingine nyuma ya hilo. Halikuwepo. Alimsindikiza hadi kwenye njia, kama mtu anavyomsindikiza mgeni.

Mwaka uliofuata Patient alipata mchumba mwingine, Uwitonze, msichana mpole kutoka vilima vya upande wa Masisi. Na kaka yake mkubwa, Tuyizere, aliyekuwa akifanya biashara Goma, akawatumia zawadi ya arusi ambayo kijiji kizima kilikwenda kuitazama hata kabla haijawashwa: televisheni pana, bapa kama mlango, pamoja na lecteur mpya ya kusomea diski zenye picha ya HD. Ndipo Patient akapanda mlima tena. Safari hii hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Hakuna mwengine mwenye kamera ya HD," alisema. "Minajua haiko muzuri kukuomba wewe."

"Unaniomba sawa vile batu bote banaombaka," Laetitia akajibu. "Arusi iko siku gani?"

Mama Naomie alimkaripia baadaye. Akamwambia aseme anaumwa, aseme kamera imeharibika. Laetitia akamwambia kamera haijaharibika.

Siku ya arusi mvua ilikatika asubuhi, na jua likaingia kanisani kupitia madirisha ya upande wa bonde. Laetitia alisimama karibu na mimbari. Alimwona Patient kupitia kioo cha kamera, na akagundua kwamba humo ndani aliweza kumtazama bila shida, kwa sababu humo Patient alikuwa kazi tu. Mchungaji aliposema kwamba sasa anawatangaza kuwa mume na mke, wanawake wa kwaya walinyanyua vitenge na kuvipunga, wasichana wakarusha maua yaliyochambuliwa na vipande vya karatasi vya kung'aa, vikazagaa hewani kwenye ule mwanga, na katikati ya mvua ile ya maua Patient akanyoosha mkono kufunua shela ya Uwitonze. Laetitia hakutikisika. Alijua, pale pale, kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kuliko ile.

Aliporudi nyumbani akaipanga video kwa uangalifu ambao hakuwahi kumfanyia mtu. Diski za HD zenyewe hazikupatikana sokoni, lakini mjomba Albert alikuwa amemfundisha namna ya kuchoma picha ya HD juu ya DVD ya kawaida, lecteur mpya ikaisoma kama diski yake halali. Ulipofika wakati wa kuchagua ubora wa picha, kulikuwa na kiwango ambacho Albert alimzoeza asikivuke. Laetitia alikivuka. Alisukuma hadi mwisho. Kama angeulizwa, angesema ni kwa ajili ya televisheni pana. Lakini moyoni alitaka Patient akae mbele ya picha ile, aone kila uzi wa shela na kila petali la ua, na ajue ni nani aliyeyaona yote yale kwa niaba yake.

Alijaribu diski kwenye kompyuta yake. Ilicheza vizuri toka mwanzo hadi mwisho. Lecteur ya aina ile hakuwa nayo, hivyo hakuweza kujaribu zaidi. Akampelekea Patient.

Jumapili baada ya ibada Mama Mukashema aliwaalika majirani. Sebule ilijaa, watoto wakakaa sakafuni, madirisha yakafunikwa kwa mablanketi ili picha ionekane vizuri, na groupe, jenereta ya mafuta, ikaunguruma nyuma ya nyumba. Laetitia aliitwa kuja kuunganisha waya. Alipomaliza akakaa mwishoni, karibu na mlango.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Waliona vumbi kwenye viatu vyao. Mwanamke mmoja aliinuka akaenda kugusa kioo mahali ambapo marehemu mume wake, aliyefariki wiki chache baada ya arusi, alikuwa akicheka. Mama Mukashema alijiona akiingia kanisani, akanyoosha shingo bila kujua. Kisha mchungaji akainua mikono, vitenge vikanyanyuka, maua yakaanza kumwagika, na mkono wa Patient ukafika kwenye shela.

Hapo picha iliganda. Sauti ya mchungaji ikawa inarudia kipande kimoja cha neno, ikisita, ikirudia tena. Uso wa Uwitonze chini ya shela ukakatika vipande vya mraba, jicho likasogea likakaa mahali pa mdomo, shavu moja likawa jani la kijani. Mkono wa Patient ulibaki umening'inia. Kisha yote yakarukwa, na watu wakajiona wanakula wali.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja aliuliza Tantine Uwitonze amekwenda wapi, akafinywa.

"Rudisha nyuma," Mama Mukashema akasema.

Laetitia akarudisha. Iliganda pale pale, na ule uso ukavunjika tena mbele ya wote. Uwitonze mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na mimba yake changa ambayo ilikuwa haijaanza kuonekana, aliweka kiganja shavuni mwake.

"Ni diski," Laetitia akasema. "Inaweza kuwa na uchafu. Nitachoma ingine."

"Aksanti, Laetitia," Mama Mukashema akajibu. "Tumeona."

Laetitia aliirudisha diski nyumbani kwake, akaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, akaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa na mkwaruzo. Akachoma nyingine kwenye diski ya kifurushi kingine, akampa Patient akaijaribu mwenyewe, maana yeye Laetitia hakutaka tena kuingia nyumba ile bila kuitwa. Patient alirudi na jibu akiwa amesimama njiani, hakupanda hadi mlangoni.

"Iliganda tena."

"Fasi gani?"

"Fasi ileile. Kwenye voile."

Jibu hilo lilimwumiza, lakini pia lilimfundisha kitu. Mkwaruzo haungeangukia mahali pamoja kwenye diski mbili. Wala umeme wa groupe haungechagua shela kila mara. Kwa hiyo ubovu haukuwa kwenye plastiki wala kwenye waya, ulikuwa ndani ya video yenyewe, katika jinsi alivyoichoma.

Kabla hajafika mbali na wazo lile, mimba ya Uwitonze ilitoka.

Ilitoka shambani, wakati wa palizi, na wanawake waliokuwa naye walimbeba hadi kituo cha afya. Jioni ile hapakuwa na mtu Kalembe aliyetaja diski. Kesho yake walikuwa wanaitaja kisimani. Kufikia siku ya soko, hadithi ilikuwa imekwisha kushonwa na kuvaliwa: Laetitia aliachwa, akaukubali mwaliko kwa moyo mwepesi usio wa kawaida, akaifunga ndoa ndani ya diski pale hasa ilipopaswa kufunguka. Amemkata bibi-arusi uso. Na sasa amemkata tumbo.

Mama Naomie aliyasikia alipokuwa akinunua chumvi. Akaiacha chumvi pale pale kwa muuzaji, akapanda mlima.

"Batu banasema uko mulozi," alimwambia binti yake. Alikuwa akihema. "Mutoto yangu. Banasema vile mbele yangu, na hakuna mwenye kuona haya."

"Mama, ni diski tu. Nitaitengeneza, bataona."

"Mimi nilikuambia useme uko mugonjwa."

Laetitia aliifanya kazi ile kwa siku nyingi, mlango ukiwa wazi ili kila anayepita aone hafanyi kitu cha kificho. Wapita njia walikazana kutazama mbele. Mwishowe alifungua ile programu inayoonyesha uzito wa picha kipande kwa kipande. Mahali ambapo watu wamekaa wanasikiliza mahubiri, mstari ulitambaa chini. Mahali pa kutembea uliinuka kidogo. Lakini pale ambapo vitenge vyote vilipungwa, na maua na karatasi za kung'aa zikaanguka zote kwa mara moja, mstari uliruka juu kama ukuta, ukapita kiasi ambacho DVD ya kawaida inaweza kutoa kwa wakati wake. Kompyuta ilikuwa na nguvu ya kusoma mbele na kujiwekea akiba, ndiyo maana haikusita. Lecteur ilikosa pumzi, ikadondosha picha, ikasubiri, ikaruka. Ilichagua shela kwa sababu kwenye shela ndipo furaha ya watu ilipozidi.

Na isingezidi kiasi kama yeye asingesukuma ubora hadi mwisho. Hilo alilitazama kwa muda mrefu kwenye kioo, kisha akaifunga kompyuta.

Alimwita Patient. Naye alikuja, kwa kuwa Laetitia alimtumia ujumbe kwamba amepata sababu. Alimwonyesha ule mstari, akamweleza, na Patient aliyekuwa mwepesi tangu shuleni akashika hata kabla hajamaliza.

"Kumbe maua," alisema.

"Maua, na vitenge. Vyote vinatembea mara moja. Nikipunguza uzito, na nikichoma pole pole, itapita."

"Haiko kitu ingine?"

"Unaona kitu ingine hapa?"

Patient alitazama mstari tena. "Apana," akasema. "Ni hesabu tu." Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipomwambia yeye ni mtoto wa mama yake, alimtazama usoni. "Pole, Laetitia."

Neno lile moja lilimtosha kufanyia kazi. Aliipunguza video yote hadi kiwango ambacho Albert angekikubali, akamwomba mwenye duka diski za aina bora alizokuwa amewawekea wateja wake wa mjini, akachoma kwa mwendo wa chini kabisa. Kisha akaenda kwa chef, mkuu wa kijiji, Papa Léopold, na akaomba ionyeshwe mbele ya watu wote. Papa Léopold alikuwa mzee wa haki asiyependa kelele. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba vijana fulani wanapanga kwenda kuichoma moto nyumba ya Mama Naomie, naye hakutaka damu kwenye kijiji chake. Akakubali.

Walikutanika mchana kwenye jumba la shule. Televisheni ilibebwa na wanaume wanne kama jeneza. Mama Mukashema alikaa mbele, Uwitonze kando yake akiwa amejifunika kitenge hadi kidevuni, Patient nyuma yao. Laetitia aliiweka diski, akarudi nyuma hadi ukutani. Mama Naomie alimshika mkono, kisha akauachia kwa sababu mikono ya wote wawili ilikuwa na jasho.

Picha ikafika kwenye mimbari. Mchungaji akainua mikono. Vitenge vikanyanyuka. Maua yakamwagika, yakamwagika yote, hakuna lililokatika, na mkono wa Patient ukafika kwenye shela na kuipandisha taratibu, na chini yake uso wa Uwitonze ukatokea mzima, ukicheka, jicho mahali pa jicho. Sauti ya mchungaji ikamaliza neno lake. Maarusi wakageuka kuwatazama watu, kwaya ikaimba.

Laetitia alingoja sauti ya watu. Alidhani watapiga makofi, au angalau watanong'ona kwa aibu kama watu waliokosea.

Mama Mukashema aliinuka kabla wimbo haujaisha.

"Munaona, sasa," alisema, bila kupaza sauti. "Alipotaka, ilifunguka."

Ukumbi ulipumua kwa pamoja. Laetitia aliusikia ule mvumo ukipita kutoka benchi hadi benchi, na akaelewa alichokuwa amekifanya. Alikuwa amewaletea ushahidi kwa mikono yake.

"Mama, haiko vile," alisema, akaja mbele. "Ni video ilikuwa nzito. Maua ilikuwa mingi, lecteur ilishindwa kuisoma. Nimepunguza uzito, njo sababu imepita. Mutu yeyote anaweza kufanya vile nilifanya."

"Maua njo ilikuwa mingi," mwanamke mmoja akarudia, na wachache wakacheka kicheko kibaya.

"Lecteur ni ileile," Mama Mukashema akasema. "Televizio ni ileile. Arusi ni ileile. Ni mukono yake tu njo imebadilika. Mwenye kufungua mulango, si ni yeye iko na ufunguo?"

Papa Léopold akainua mkono watu wanyamaze. "Hapa kuna mutu alisoma mambo hii pamoja naye," alisema. "Patient. Wewe ulikuwa unamusaidia zamani. Hii maneno ya uzito, ni ya kweli?"

Kila mtu aligeuka. Laetitia pia aligeuka, na akamtazama jinsi alivyomtazama kupitia kamera siku ya arusi, bila kutikisika. Patient alikuwa akiangalia sakafu. Mama yake hakumwangalia. Hakuwa na haja.

"Mimi," Patient akasema, "sijuwe mambo ya machine."

Papa Léopold alingoja kidogo, labda kwa sababu alikuwa mzee aliyeona watu wengi wakisema uongo mbele yake na alijua rangi yake. Lakini hakuuliza mara ya pili. Akatoa uamuzi. Mtu yeyote asimguse Laetitia wala mama yake wala nyumba yao, na atakayewagusa atamjibu yeye. Na Laetitia, kwa ajili ya amani, asipige tena video ya arusi wala ubatizo katika Kalembe. Watu walikubali kwamba ilikuwa hukumu nzuri. Baadhi walimpongeza chef kwa hekima yake walipokuwa wakitoka. Laetitia alibaki akifungua nyaya, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuzifungua, na alipomaliza akairudisha diski ndani ya kifuko chake cha karatasi na kuiacha juu ya televisheni. Ilikuwa mali yao.

Patient hakupanda mlima tena.

Laetitia alivumilia msimu mmoja wa maharagwe. Alilima na mama yake, na alilima vizuri, lakini wanawake waliokuwa wakilima mashamba ya jirani walihama mistari yao ili wasimpe mgongo. Mtoto akiumwa mahali popote, alijua kabla ya kuambiwa, kwa jinsi njia ilivyokuwa tupu. Siku moja mama yake alisema, bila kuinua uso kwenye sufuria, kwamba kule Kibua Laetitia ana shangazi, dada wa baba yake, mjane, anayeishi peke yake kando ya barabara, na kwamba huko hakuna anayemjua.

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nitabakia. Wakiona nimeenda na mimi, watasema tumekimbia."

Huko Kibua Laetitia alifunga panneau juu ya paa la shangazi yake, akafungua kibanda cha kuchaji simu. Ile kamera alimwuzia mtu aliyekuwa akipita kuelekea Walikale, na hakumwuliza ataifanyia nini. Watu walileta simu zao na majina yao yameandikwa kwenye vipande vya plasta, wakazirudia zikiwa zimejaa. Ilikuwa kazi isiyohitaji kumtazama mtu yeyote usoni. Alipenda hivyo. Aliulizwa mara chache kama anajua kupiga picha, akasema hapana.

Kisha risasi zikaanza kulia upande wa Kalembe, na barabara ikajaa. Watu walikuja na magodoro vichwani, na mbuzi, na wagonjwa kwenye machela. Mama Naomie alifika na kundi la pili akiwa na sufuria moja na viatu visivyolingana. Walilia kidogo wote wawili, kisha wakatafuta mahali pa kulala. Kutoka kwake Laetitia alisikia habari nyingine: Papa Léopold alikufa njiani kwa uchovu. Nyumba ya Mama Mukashema iliporwa, televisheni ikabebwa na watu wenye bunduki. Patient alikuwa ameshikwa kubebeshwa mizigo, na hakuna aliyejua alikopelekwa. Aliyasikia yote hayo akiwa ameshika simu ya mtu mkononi. Alitafuta ndani yake kama kuna furaha hata kidogo, akaona hakuna, na hilo nalo lilimkera, kwani alidhani angalau angebakiwa na hiyo.

Uwitonze alikuja kibandani asubuhi ya siku ya soko. Laetitia alimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa amekonda. Mgongoni alikuwa na mtoto mdogo aliyekuwa macho, akitazama kila kitu. Alisimama kwenye foleni kama wengine, na alipofika mbele akaona ni nani aliyekaa nyuma ya meza. Hakukimbia. Alivuta upande wa kitenge alichombebea mtoto, akaufunika uso wa mtoto taratibu, kama mtu anayemkinga na jua, ingawa kibanda kilikuwa kivulini.

"Minaomba kuchaji," alisema. "Juu labda Patient atapiga."

Laetitia aliipokea simu, akaiunganisha. Ilikuwa imekufa kabisa. Uwitonze alikaa kwenye jiwe nje akaingoja, mgongo wake ukiwa umeelekea barabarani, mtoto akiwa upande usioonekana kutoka kibandani. Walikaa hivyo muda mrefu, wateja wakija na kuondoka. Simu ilipopata nguvu kidogo ikawaka yenyewe. Hapakuwa na ujumbe wowote.

Alipokuja kuichukua, Uwitonze alisitasita, akaangalia pembeni, kisha akayasema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga pale kwenye jiwe.

"Dada Laetitia. Sikupataka nafasi ya kukuambia. Mimi siko na kinyongo. Ulitufunga, ndiyo, lakini kisha ulitufungulia. Huyu mutoto njo alikuya nyuma. Minakushukuru."

Alisema kwa upole, kwa moyo mweupe. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka nyumba ile kumwita dada.

Laetitia alifungua mdomo. Mstari uliopanda kama ukuta, maua, vitenge, uzito wa picha, yote yalikuwepo tayari kwenye ulimi wake kama mara ile ukumbini. Alimwona mtoto akisukuma kitenge kwa kichwa kutoka ndani, akitaka kuona, na mkono wa mama yake ukimrudisha chini.

"Simu yako imeyala chaji," alisema.

Uwitonze akashukuru tena, akaondoka akielekea kwenye mahema ya waliokimbia vita. Laetitia akachukua simu ya mtu aliyekuwa nyuma yake, akasoma jina kwenye plasta, akaichomeka.